Chumvi Ndani ya Mtutu

Mizinga miwili inayotazamwa na wageni wa Fort Jesus, Mombasa, ilikuwa ya maadui. Mmoja ulitoka HMS Pegasus, manowari ya Waingereza. Wa pili ulitoka SMS Königsberg ya Wajerumani, ambayo ndiyo iliyoishambulia Pegasus na kuizamisha bandarini Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Königsberg nayo haikumaliza mwaka. Ilijificha katika delta ya Rufiji, ikazingirwa, ikapigwa makombora, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe. Baadaye wakarudi na kuopoa mizinga yote kumi, wakaipeleka Dar es Salaam ikatengenezewa magurudumu, kisha ikakokotwa na mamia ya watu nchi kavu kupigana vita ambavyo haikuundiwa. Waingereza nao wakaopoa mizinga ya Pegasus na kuitumia katika vita vilevile.

Mgeni akisimama mbele ya mizinga hiyo huuliza ilirusha kombora umbali gani. Mimi naona lipo swali zito kuliko hilo. Hiki ni chuma kilichokunywa maji ya chumvi, kikatolewa, kikapigana juani na mvuani, kisha kikawekwa hatua chache kutoka baharini kwa miongo na miongo. Kimebakije chuma?

Swali hilo haliishii makumbusho. Linamhusu mwindaji mwenye leseni anayefungia bunduki yake kabatini tangu msimu wa uwindaji uishe hadi mwingine uanze. Linamhusu askari wa wanyamapori mwenye silaha za akiba zinazokaa ghalani miezi bila kuguswa, na mkuu wa kituo cha polisi cha pwani ambaye ghala lake la silaha ni chumba kidogo cha saruji kisicho na dirisha. Wengi wao hutegemea kinga moja tu, mafuta. Wanapaka, wanafunga, wanaondoka. Na wengi hurudi baada ya mwaka wakakuta vidoa vyekundu chini ya mafuta yaleyale, wakashindwa kuelewa vimetoka wapi.

Vimetoka kwenye chumvi.

Kutu ni chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni na maji. Huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huvimba, ikapasuka, ikadondoka kama magamba na kuacha chuma kipya wazi kianze kuliwa. Shaba haina tabia hiyo. Mizinga ya Wareno ya karne ya 16 iliyokuwa mbele ya Beit el-Ajaib, Unguja, ni ya shaba, na ngozi yake ya kijanikijani imeganda juu yake ikawa ngao. Chuma hakina ngao ya namna hiyo. Rangi ya bluu iliyoiva tunayoiona kwenye bunduki nzuri ni jaribio la kukipatia: mafundi huilazimisha kutu nyekundu igeuke kutu nyeusi, aina nyingine ya oksidi iliyoshikamana zaidi. Tabaka hilo ni jembamba mno, lina vitundu, na kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Bunduki yenye rangi ya bluu isiyo na mafuta ni kama haina kinga.

Chuma safi, kisicho na chochote juu yake, huvumilia hewa yenye unyevu hadi kufikia kama asilimia 60. Kupita hapo, utando wa maji usioonekana kwa macho hutanda juu yake na kazi ya kutu huanza. Asubuhi za Mombasa, Tanga au Unguja mara nyingi hupita asilimia 80. Hiyo peke yake ni taabu, lakini hapo bado hatujaitaja chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani hadi ikayeyuka yenyewe unyevu unapofika asilimia 75. Chumvi ya bahari ina mchanganyiko, na miongoni mwake imo kloraidi ya magnesi, ambayo hufanya hivyo kwenye asilimia 33 tu. Maana yake, chembe ya chumvi iliyotua juu ya mtutu hutafuta maji hata siku ambayo sisi tunaiita kavu. Hutengeneza tone lake, na ndani ya tone hilo chuma huliwa. Ubaya zaidi ni kwamba kloraidi haimalizwi na kazi hiyo. Inakula, inazama ndani, inaendelea kula. Kikulacho ki nguoni mwako.

Chumvi hiyo huletwa na upepo wa kusi na matlai, huletwa na jasho la vidole, na kwa bunduki za zamani huletwa na risasi yenyewe. Hili la mwisho limeharibu bunduki nyingi, na bado halifahamiki vya kutosha.

Katika risasi za tangu mwisho wa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, fataki, ile sehemu inayogongwa na pini, ilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha ndani ya kasiba kloraidi ya potasiamu, ambayo ni ndugu wa chumvi ya mezani. Mafuta hayayeyushi chumvi. Askari aliyepiga risasi hizo kisha akapitisha kitambaa chenye mafuta alikuwa anamfungia mwizi ndani ya nyumba na kuondoka na ufunguo. Jeshi la Uingereza lililijua hilo, na ndiyo sababu askari wake wenye bunduki za Lee-Enfield, wakiwamo wa King's African Rifles (KAR), walifundishwa kumimina maji yanayochemka ndani ya mtutu kwa faneli maalumu, kukausha, na ndipo kupaka mafuta. Anayesikia habari hii leo hushangaa: maji ndani ya bunduki? Ndiyo, maji. Chumvi huondolewa kwa maji, na yakiwa ya moto mtutu hupashika ukajikausha haraka.

Baruti nyeusi ina masharti yaleyale. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani katika Tanzania Bara ya leo zilikuwa bado zina bunduki za mwaka 1871 zinazotumia baruti hiyo, na magobore ya vijijini yanaitumia hadi sasa. Masizi yake yana chumvi za potasiamu na salfa, na huvuta unyevu kwa pupa. Gobore lililopigwa jioni likaachwa bila kuoshwa laweza kuonyesha kutu kesho yake. Maji ya moto na sabuni huyaondoa masizi hayo vizuri kuliko dawa yoyote ya dukani. Wazee waliorithishana magobore walijua hivyo kwa kutazama tu, bila kusoma kemia.

Kuna wakati jambo hili liligeuka kuwa la uhai na kifo. Marekani ilipoingiza bunduki ya M16 kwa wingi katika vita vya Vietnam katikati ya miaka ya 1960, askari waliambiwa kwamba silaha hiyo mpya haihitaji usafi mwingi, na wengi hawakupewa hata vifaa vya kusafishia. Chemba yake, mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa, haikupakwa kromu. Katika joto na unyevu wa nchi ile chemba zililika na kupata vishimo, na ganda la risasi likinasa humo halitoki. Baruti nayo ilikuwa imebadilishwa, ikazidi kuchafua mtambo. Askari walikutwa wamekufa bunduki zao zikiwa zimefunguliwa, wakijaribu kusukuma ganda kwa ufito. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge la Marekani chini ya Richard Ichord ilichunguza suala hilo na kuwalaumu vikali wahusika. Kromu ikaletwa, vifaa vya usafi vikagawiwa, na mafunzo yakaanza. Bunduki za AK za upande wa pili zilikuwa zimepakwa kromu ndani ya mitutu, na ni moja ya sababu silaha hizo huonekana zikifanya kazi baada ya miaka ya kutelekezwa. Sehemu zake za nje, zisizo na kromu, huoza kama chuma kingine chochote.

Kuihifadhi bunduki kwa muda mrefu, basi, kunaanza na kuosha. Kabla ya hapo kuna jambo lisiloruhusu mzaha: hakikisha haina risasi. Toa magazini, fungua chemba, itazame kwa macho, iguse kwa kidole. Gobore lipimwe kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia: uingize mdeki hadi mwisho, uweke alama mdomoni mwa mtutu, uutoe na kuupima kwa nje. Usipofika nyuma kabisa ya mtutu, kuna kitu ndani. Baruti nyeusi ikiwa kavu haifi. Magobore ya urithi yaliyoning'inizwa ukutani miaka mingi hukutwa na shindilio la babu likiwa bado ndani, na moto ukilifikia litalipuka kama lilivyokusudiwa. Mtu asiyejua afanye nini na silaha kama hiyo asiichokonoe. Awaite polisi, ambao pia ndio watakaomweleza kama inaruhusiwa kisheria kuwa nayo.

Baada ya kuosha, kausha. Hapa haraka huharibu kazi. Maji hujificha kwenye nyuzi za skrubu, chini ya vibanio na mahali chuma kinapokutana na mti wa kitako. Ikiwezekana, tenganisha mti na chuma, maana mti hunywa maji na kuyatoa polepole kwa miezi, na kutu ya mahali hapo haionekani hadi siku utakapofungua. Chuma kikipashwa joto la wastani, vuguvugu la kushikika mkononi, unyevu uliobaki hutoka. Kisha vaa glavu. Hili huwafanya watu wacheke, lakini wahifadhi wa makumbusho hawagusi chuma kilichosafishwa kwa mikono mitupu, kwa sababu jasho ni chumvi na maji kwa pamoja. Nimewahi kuona alama ya kidole gumba kwenye bastola, mistari yote ya ngozi ikisomeka, imechorwa kwa kutu.

Mafuta gani? Yale mepesi ya kupulizia, yanayopatikana kila duka la vipuri, ni mazuri kwa kufukuza maji lakini mengi yake hukauka na kuondoka baada ya wiki kadhaa. Hayafai kuachiwa kazi ya mwaka. Mafuta ya kupikia, yawe ya nazi au ya alizeti, yasikaribie kabisa. Hugeuka asidi yakichacha, au huganda kama gundi na kukamata mtambo. Kwa miezi michache, mafuta mazuri ya bunduki yanatosha. Kwa mwaka na kuendelea, unahitaji grisi au nta inayobaki mahali ilipopakwa. Majeshi ya karne iliyopita yalitumia mchanganyiko mzito wa rangi ya kahawia uliotokana na mafuta ya petroli. Ule wa Wamarekani uliitwa Cosmoline, jina la bidhaa ya kampuni ya E.F. Houghton ya Philadelphia. Bunduki zilipakwa ndani na nje na kufungwa kwenye makasha. Bunduki za Kirusi aina ya Mosin-Nagant zilizokarabatiwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikaa hivyo katika maghala ya Kisovieti kwa miongo kadhaa, na zilipofunguliwa na kuoshwa zilionekana kama zimetoka kiwandani. Siri yake haikuwa grisi pekee. Zilisafishwa kabisa kabla ya kupakwa.

Grisi ina onyo lake pia. Mtutu uliojaa grisi usipigwe. Risasi ikikuta kizuizi ndani ya kasiba, msukumo hupanda kuliko chuma kinavyoweza kubeba, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka usoni mwa mpigaji. Kila silaha inayotolewa ghalani isafishwe ndani kwanza, na ni vizuri ifungiwe kibandiko kinachosema hivyo, kwa sababu anayeitoa mara nyingi si yule aliyeiweka.

Kuna makosa mawili ninayoyaona kuwa mabaya kwa sababu yanafanywa kwa nia njema. La kwanza ni kuihifadhi bunduki ndani ya ala ya ngozi au mkoba wenye sponji. Ngozi ina chumvi na asidi zilizobaki tangu ilipotengenezwa, na sponji hushika unyevu ukakaa umegusana na chuma mchana na usiku. Mikoba hiyo ni ya safari. La pili ni kuziba mdomo wa mtutu kwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Vumbi linazuiwa, lakini hewa yenye unyevu iliyobaki ndani haina pa kutokea, na usiku joto likishuka hugeuka matone. Juu ya hapo, ipo siku mtu atasahau kile kitambaa.

Kabati la chuma linalofungwa vizuri ni agizo la busara na la usalama, ila nalo hugeuka kisanduku cha mvuke kama hakuna kinachonyonya unyevu ndani yake. Vifuko vya silika jeli vinafanya kazi hiyo kwa bei ndogo. Watu huvinunua na kuvisahau, bila kujua kwamba vikishiba havinyonyi tena. Zile punje zake zikipashwa kwenye oveni kwenye nyuzi joto kama 120 kwa saa chache hukauka na kurudi kazini. Ipo pia karatasi iliyotiwa dawa inayotoa mvuke wa kuzuia kutu, aina iliyoanza kutumiwa sana na majeshi katika miaka ya 1940. Inafaa hasa kwa silaha zilizofungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Na kama kituo kina umeme wa uhakika, kijoto kidogo kinachoinua joto la kabati nyuzi chache juu ya joto la chumba kitazuia matone yasijiunde. Kifaa kidogo cha kupimia unyevu, kikining'inizwa humo, kitakuambia kama juhudi zote hizo zinafaa. Unatafuta chini ya asilimia 50. Bila hicho unakisia.

Sasa turudi kwa chuma ambacho tayari kimeshazama. Nje ya kuta za Fort Jesus, chini ya maji, ilikaa meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 ilipokuja kuisaidia ngome iliyozingirwa na Waomani. Ngome ikaanguka Desemba 1698. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wataalamu wa akiolojia ya baharini wakiongozwa na Robin Piercy, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliifukua, na vitu vyake vikatibiwa katika maabara iliyowekwa palepale ngomeni. Pwani yetu ilijifunza hapo somo ambalo wenye maghala wangefaidika nalo: chuma kilichotoka baharini huwa katika hatari kubwa zaidi kinapopata hewa. Chini ya maji kimezungukwa na ganda gumu, oksijeni ni haba. Kikitolewa na kuachwa kikauke, chumvi iliyozama ndani hukutana na oksijeni tele, na mzinga ulioonekana mzima hupasuka vipande ndani ya miezi.

Tiba ni kuitoa chumvi polepole. Mzinga huzamishwa katika maji yenye kostiki soda, ambayo huzuia kutu wakati kloraidi ikitoka, na mara nyingi hupitishiwa umeme mdogo kuisukuma nje. Maji hupimwa, hubadilishwa, hupimwa tena. Kipimo cha kloraidi kikishuka na kutulia ndipo chuma husuuzwa, hukaushwa, hupakwa asidi ya taniki inayogeuza mabaki ya kutu kuwa tabaka jeusi tulivu, na mwishowe nta. Kwa mzinga mmoja kazi hiyo ni ya miaka. Mnara wa mizinga wa manowari ya Kimarekani USS Monitor, iliyozama tarehe 31 Desemba 1862, uliopolewa Agosti 2002 pamoja na mizinga yake miwili, ukapelekwa katika matangi ya The Mariners' Museum huko Newport News, Virginia, na miaka 20 baadaye tiba yake ilikuwa bado inaendelea.

Mahali chuma ni kikubwa mno kuzamishwa, hukaushwa hewa yake. Meli ya chuma SS Great Britain, iliyoshushwa majini Bristol mwaka 1843 na kurudishwa huko mwaka 1970 ikiwa mbovu baada ya miaka mingi katika visiwa vya Falkland, ilikuwa na chumvi nyingi ndani ya bamba zake. Utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Cardiff ulionyesha kwamba chuma chenye chumvi namna hiyo huendelea kuoza hata unyevu ukiwa mdogo sana. Kwa hiyo tangu mwaka 2005 sehemu ya chini ya meli hiyo imefunikwa kwa kioo, na mashine huikausha hewa hadi asilimia 20, ukavu wa jangwani katikati ya mji wa mvua. Linganisha asilimia 20 hiyo na 60 ya chuma safi. Pengo hilo la 40 ndiyo gharama ya chumvi ambayo haikuoshwa mapema.

Makumbusho yetu hayawezi kujenga kioo juu ya kila mzinga uliolala ufukweni kutoka Lamu hadi Kilwa, na sioni haja. Mizinga ya chuma iliyo nje inahitaji mambo ya bei nafuu: ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, hasa baada ya miezi ya kusi, iinuliwe kutoka ardhini juu ya vitako ili maji yasituame chini ya tumbo lake, mdomo uelekezwe chini kidogo maji ya mvua yatiririke. Rangi isipakwe juu ya kutu hai. Mzinga uliopakwa rangi nyeusi inayong'aa kwa ajili ya ugeni wa siku moja, bila kuoshwa, huoza kwa kasi chini ya rangi hiyo, na huyo aliyeupaka hatakuwepo siku ganda litakapobanduka.

Maghala ya silaha yana wepesi zaidi, kwa kuwa chuma chake hakijazama. Ningependa kuona katika kila ghala la pwani daftari moja lenye safu za tarehe, namba ya silaha, kipimo cha unyevu na sahihi ya aliyekagua, likijazwa kila mwezi wakati wa masika na kila miezi mitatu nyakati nyingine za mwaka. Ukaguzi wenyewe ni wa dakika chache kwa silaha: kupitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu na kutazama kimetoka na rangi gani. Kikitoka na wekundu, bunduki hiyo irudi kwenye maji ya moto kabla mtu hajafungua kopo la mafuta.